Maisha ya Daktari Albert Cook wa Mengo

Mwezi huu tumeona vema kuwasimulieni habari za mtu aliyefariki zamani, ambaye jina lake ni kubwa sana katika nchi ya Uganda, ila humu kwetu Iramba na Turu ni wachache wanaolitaja. Mtu huyo ni Daktari Albert Cook, aliyeianzisha hospitali ya Mengo. Labda mtauliza kwa nini tunawapeleka mbali hivyo, hata ng'ambo ya ziwa la Viktoria. Sababu zetu ni mbili. Ya kwanza ni kwamba magonjwa na taabu alizoshindana nazo si ngeni kwetu: mbung'o tunawajua, papasi tunawajua, vita na njaa baba zetu waliviona, na watoto wanaovimba miguu kwa kukosa chakula chema tumewaona kwa macho yetu. Ya pili ni kwamba kila katekista na kila mzee wa kanisa amekwisha kukutana na swali moja zito, naye Daktari Cook alikutana nalo kwa miaka mingi. Swali lenyewe ni hili: Mtu afanye nini kando ya kitanda cha mgonjwa, ikiwa dawa ya ugonjwa ule haipo?

Albert Ruskin Cook alizaliwa mwaka 1870 huko Hampstead, sehemu ya mji wa London. Baba yake naye alikuwa daktari. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Cambridge, kisha akajifunza kazi ya uganga katika hospitali ya St Bartholomew's, ambayo ni ya kale kuliko karibu zote za Uingereza. Kijana wa namna hii angaliweza kukaa kwao na kupata heshima na mshahara mzuri. Lakini alikuwa amekwisha kujitoa kwa chama cha CMS, yaani misioni ya Kanisa la Kiingereza, na mwaka 1896 akapanda meli kuja Afrika, umri wake ukiwa miaka 26.

Alifika Mombasa mwezi wa Oktoba mwaka ule. Siku zile reli ya kwenda ziwani ndiyo kwanza inaanza kujengwa, wala haikufika ziwani mpaka mwaka 1901. Basi yeye na wenzake wakaenda kwa miguu pamoja na wapagazi wao, wakapita nyika kavu, wakapanda milima ya baridi, wakavuka mito, na safari ile ikawachukua miezi. Miongoni mwa wasafiri hao alikuwako mwuguzi mmoja, Bibi Katharine Timpson. Walifika Mengo, mji wa Kabaka wa Buganda, mwezi wa Februari 1897.

Hawakungoja kujengewa nyumba. Siku chache tu baada ya kufika, Daktari alianza kuwatibu wagonjwa, na katika miezi michache ilisimamishwa hospitali ya kwanza, kijumba cha matete na nyasi juu ya kilima cha Namirembe. Tusiidharau hospitali hiyo kwa sababu ya matete yake. Wengi wetu tulianza kusoma chini ya mti, na wengine walibatizwa katika makanisa yaliyoezekwa kwa nyasi. Kazi haikuwa ndogo kwa sababu hiyo. Watu wakaja, kwanza wachache wenye hofu, kisha wengi, wakiletwa na ndugu zao kutoka vijiji vya mbali.

Mwaka ule wa kwanza haujaisha, vita ikaingia nchini. Mwezi wa Julai 1897 Kabaka Mwanga aliinuka juu ya Waingereza, akashindwa, akakimbilia upande wa Wajerumani. Mwezi wa Septemba askari wa Kisudani waliokuwa katika jeshi la serikali wakaasi, kisha wakajifungia katika boma la Luba huko Busoga. Daktari Cook akaondoka hospitalini akaenda huko kuwahudumia waliojeruhiwa. Katika vita ile aliuawa George Pilkington, mwenzake katika misioni, aliyekuwa mkubwa katika kazi ya kutafsiri Biblia kwa Kiganda. Hivyo katika mwaka mmoja kijana huyu aliyetoka Ulaya alijifunza kwamba kazi yake haingekuwa ya chumbani peke yake. Vita inapotokea, mganga hukuta mbele yake mwenye risasi mguuni, na hakuna nafasi ya kumwuliza alikuwa upande gani.

Mwaka 1899 ndugu yake, Daktari John Howard Cook, aliyeitwa Jack, alikuja kumsaidia. Mwaka 1900 Albert alimwoa Bibi Katharine, na tangu siku hiyo wasomaji wetu wakumbuke kwamba tunaposema habari za mmoja tunasema habari za wote wawili. Hospitali kubwa zaidi ikajengwa. Lakini mwaka 1902 radi iliipiga, paa la nyasi likashika moto, na jengo likateketea. Wakaanza tena, na mara hii wakajenga kwa matofali. Hospitali hiyo mpya ikawa tayari mwaka 1904.

Sasa tumefika katika habari iliyo kuu, nayo ni habari ya huzuni.

Mwezi wa Februari mwaka 1901 hao ndugu wawili walipokea Mengo wagonjwa wa namna ambayo hawakuwa wameiona Uganda kabla ya hapo. Mgonjwa alianza kwa homa na maumivu ya kichwa, tezi za shingo zikavimba, akakonda, akawa mzito wa fikira na wa maneno. Mwishowe alishikwa na usingizi mchana, hata akasinzia na chakula kikiwa kinywani, akalala asiweze kuamka, akafa. Ugonjwa huo ulikuwa umejulikana tangu zamani katika nchi za magharibi ya Afrika. Sisi tunauita malale.

Kwanza walikuja wachache, kisha ikajulikana kwamba kando ya ziwa, katika Busoga na katika visiwa, watu wanakufa kijiji kwa kijiji. Serikali ikaomba msaada Ulaya, na mwaka 1902 wataalamu wakatumwa kuichunguza asili yake. Ndugu Cook walikuwa wameona vijinyoo vidogo katika damu ya wagonjwa, wakadhani kwamba hivyo ndivyo vinavyoleta ugonjwa. Katika jambo hilo walikosea, nao wakuu wa elimu huko Ulaya walidhani vile vile. Aldo Castellani, mmoja wa wataalamu wale, akaona vijidudu vya namna nyingine katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa, na mwaka 1903 David Bruce akaonyesha kwamba vijidudu hivyo huchukuliwa na mbung'o kutoka mtu hata mtu. Mbung'o hao hukaa katika vichaka vya ukingo wa maji, pale pale ambapo akina mama huteka maji na wavuvi huvuta mitumbwi yao.

Basi sababu ikajulikana, lakini dawa haikujulikana. Robert Koch, mtaalamu mashuhuri wa Ujerumani, alikuja katika visiwa vya Sese mwaka 1906 akajaribu dawa iitwayo atoksili. Ilisaidia kwa muda, lakini haikuwaponya wengi, tena baadhi ya wagonjwa walipofuka macho. Katika miaka ile walikufa watu zaidi ya 200,000. Gavana Hesketh Bell akaamuru watu wote wahamishwe kutoka ukingo wa ziwa, na baadaye visiwa navyo vikaachwa bila watu. Amri hiyo iliwatenga watu na mbung'o, na vifo vikapungua. Lakini wahamishwaji waliacha migomba yao, makaburi ya wazee wao, na kazi ya uvuvi iliyowalisha. Tusidhani kwamba uponyaji wa nchi hauna gharama, au kwamba wenye kuilipa gharama huulizwa kwanza.

Fikirini basi hali ya Daktari Cook katika miaka hiyo. Mgonjwa anachukuliwa na nduguze kwa machela siku mbili tatu, wakiamini kwamba akifika Mengo ataamka. Daktari anamtazama, anajua ugonjwa wake, na anajua ya kuwa atakufa. Angefanya nini? Wako waliokimbia hali kama hiyo, na wako waliobaki lakini moyo wao ukawa mgumu. Yeye hakukimbia. Alimpokea mgonjwa, akamlaza mahali safi, wauguzi wakamnywesha na kumwogesha na kumgeuza. Tena alifanya jambo moja ambalo machoni pa watu lilikuwa dogo: aliketi, akaandika.

Aliandika habari za kila mgonjwa wa hospitali, ametoka wapi, alianza kuumwa namna gani, alionekana na nini mwilini, akapewa nini, na mwisho wake ukawaje. Aliandika alipofaulu, akaandika pia aliposhindwa. Alifanya hivyo mwaka hata mwaka, na waliomfuata hospitalini wakashika desturi ile. Mwenye haraka angesema kwamba kuandika hakumponyi mfu. Ni kweli. Lakini ngojeni; tutalirudia jambo hili mwisho wa habari yetu.

Hakuandika kwa Kiingereza tu. Alijifunza Kiganda kwa bidii, akatoa kitabu cha maneno ya kiganga kwa lugha hiyo, ili daktari mgeni aweze kumwuliza mgonjwa habari zake na kuelewa ajibiwavyo. Maana mgonjwa asiyeeleweka ni kama aliyepewa dawa gizani.

Lilikuwako pia tatizo la homa inayorudi, ile tunayoiita homa ya papasi. Mwaka 1904 madaktari waliokuwa Uganda walionyesha kwamba huletwa na papasi wakaao katika nyufa za sakafu na kuta, na mwaka uliofuata Koch aliichunguza habari hiyo hiyo katika nchi yetu hii, iliyokuwa chini ya Wajerumani. Wasomaji wetu waliolala katika tembe za udongo, ama katika nyumba za wageni njiani, hawahitaji kuelezwa zaidi.

Hatupendi kumsifu mtu kana kwamba hakuwa na kosa, maana sifa za namna hiyo hazimsaidii msomaji. Mwaka 1908 daktari mmoja wa jeshi, aliyeitwa Lambkin, alitangaza kwamba sehemu kubwa sana ya watu wa Buganda wana kaswende. Daktari Cook naye aliamini kwamba ndivyo ilivyo, na wamisionari wengi wakaona kuwa ni tunda la dhambi za taifa zima. Watu wakapimwa kwa lazima, na aibu kubwa ikawapata. Miaka mingi baadaye madaktari walipoitazama tena habari hiyo, walitambua kwamba wengi katika wale walikuwa na buba, au ugonjwa mwingine unaofanana na kaswende, ambao mtoto huupata kwa kucheza na mwenzake bila kosa lolote. Tunalitaja jambo hili kwa sababu latuhusu. Ni mara ngapi sisi katika sharika zetu tumetazama kidonda cha mtu, tukaanza kuhesabu dhambi zake kabla ya kumwosha? Mwenye elimu kubwa alikosea hapo. Basi sisi wenye elimu ndogo tuwe na hadhari mara mbili.

Mwaka 1913 mahali pa kuwatibu wagonjwa wa magonjwa hayo palifunguliwa juu ya kilima cha Mulago, na Daktari Cook alikuwa na sehemu katika kazi hiyo. Kutoka mwanzo huo mdogo ilitokea hospitali kubwa ya Mulago ijulikanayo leo katika Afrika ya Mashariki yote.

Mwaka 1914 ikaja vita kuu. Hapa habari za Uganda na habari zetu zinakutana, maana ilikuwa vita moja. Hospitali ya Mengo iliwapokea askari na wapagazi wagonjwa na waliojeruhiwa. Wapagazi ndio walioteseka kuliko wote. Katika wale waliochukuliwa na Waingereza peke yao, walioandikwa kuwa wamekufa ni zaidi ya 90,000, na wengi wao hawakuuawa kwa risasi, bali kwa kuhara damu, homa ya mapafu, malaria, na chakula kibaya kisichopikwa kikaiva. Humu kwetu vita ilipita vile vile. Mwaka 1917 kikosi cha Wajerumani kilifika hata Mkalama na kulizingira boma. Ng'ombe na nafaka zilichukuliwa kulisha majeshi, wanaume wakachukuliwa kubeba mizigo, mvua zikakosekana, na njaa ikashika nchi ya kati tangu mwaka 1917 hata 1920. Ndugu zetu Wagogo waliiita njaa hiyo Mtunya. Pamoja nayo likaja lile homa kuu la mafua la mwaka 1918, likawakuta watu wamekwisha kudhoofika. Katika miaka ile wagonjwa wengi wa nchi yetu ya kati hawakuwa na hospitali ya kukimbilia, wala hakuna aliyeandika majina yao. Ndiyo sababu hata leo hatuwezi kusema kwa hakika ni wangapi waliokufa.

Vita hiyo ilimfundisha Daktari Cook jambo ambalo huenda alikwisha kuliona tangu siku za malale: mkono wa daktari mmoja ni mfupi. Hata angekuwa na nguvu za watu kumi, asingeweza kufika kwenye kila nyumba ambamo mama anajifungua usiku. Wakati wa vita, mwaka 1917, vijana wa Uganda waliosoma shuleni waliandikwa katika kikosi cha wauguzi wa kijeshi, nao wakafanya kazi yao vizuri hata wengi waliokuwa wakiwatilia shaka wakanyamaza. Basi Daktari na mkewe wakauelekeza moyo wao katika kufundisha.

Watoto wa Buganda walikuwa wakifa wengi katika kuzaliwa na katika mwaka wa kwanza, na akina mama pamoja nao. Baada ya vita, katika siku za Gavana Robert Coryndon, kilianzishwa Mengo chuo cha wakunga, kikaitwa kwa jina la mke wa gavana. Mwenye kukibeba chuo hicho alikuwa Bibi Katharine. Yeye alikuwa mkuu wa wauguzi tangu mwanzo wa hospitali, na baadaye akawa mwangalizi wa wakunga na wa vituo vyao vya mashambani. Wasichana walifundishwa kwa lugha yao wenyewe. Yeye na mumewe waliwatungia kitabu cha ukunga kwa Kiganda. Walifundishwa kunawa mikono kabla ya kumgusa mzazi, kuchemsha vyombo, kukata kitovu kwa kitu safi, kutambua mapema dalili za hatari na kumpeleka mgonjwa hospitalini bila kuchelewa.

Kazi hii ilikuwa na wapinzani wake. Wazee wengine waliona si heshima kwa msichana asiyeolewa, asiyezaa, kusimama katika chumba cha mzazi na kuwaagiza wanawake wenye umri wa mama yake. Wazungu wengine nao walidhani kwamba msichana wa Kiafrika hawezi kuachwa peke yake na kazi iliyo nzito hivyo. Wote wawili walijibiwa na kazi yenyewe. Wakunga wale walitumwa katika vituo vidogo vya uzazi mashambani, mahali pasipo na daktari karibu, wakakaa humo, wakazalisha, wakaandika vitabu vyao, na akina mama wakawajia. Mwanzoni Mengo mlikuwa na wenye ujuzi wawili kutoka Ulaya. Baada ya miaka thelathini kulikuwa na wanawake wa nchi yenyewe katika majimbo mengi, kila mmoja akiwa na mkoba wake, sabuni yake, na kitabu chake.

Lilibaki jambo moja ambalo hata Daktari Cook na wenzake wa kizazi chake hawakulielewa sawasawa, nalo ni ugonjwa wa mtoto aliyeachishwa kunyonya. Mtoto huvimba miguu na uso, nywele hubadilika kuwa nyekundu, ngozi hubanduka, hukataa kula, hana furaha. Kwa muda mrefu madaktari wengi wa Uganda walidhani kwamba ni safura, au kaswende ya kuzaliwa nayo. Katika miaka ya 1930 Bibi Daktari Cicely Williams, aliyekuwa akifanya kazi Afrika ya Magharibi katika nchi iitwayo sasa Ghana, alieleza kwamba ni ugonjwa wa chakula, akautaja kwa jina la watu wa nchi ile, yaani kwashiorkor. Daktari Hugh Trowell na wengine wakaufuatia huko Kenya na Uganda. Ikajulikana kwamba mtoto anaweza kushiba uji kila siku na huku mwili wake una njaa, kama uji ule hauna kitu cha kujenga mwili. Sisi wa nchi ya uwele na mtama tuisikie habari hii kwa makini. Uji wa uwele ni chakula chema, lakini mtoto anayeachishwa ziwa ahitaji pamoja nao maziwa, au karanga zilizosagwa, au maharage, au yai. Kuku wetu wanauzwa mijini kwa fedha nyingi, na mayai yao hupelekwa sokoni, huku mtoto mdogo nyumbani akila ugali na mlenda peke yake. Hapo hakuna ukosefu wa chakula. Kuna ukosefu wa kujua.

Mwaka 1932 Daktari Cook alipewa na mfalme wa Uingereza daraja ya heshima, akaitwa Sir Albert. Mwaka 1934 aliacha kazi ya hospitali. Hakurudi Ulaya kupumzika kama wengi wafanyavyo, bali alikaa katika nyumba yake juu ya kilima cha Makindye, karibu na Kampala. Mwaka 1938 Bibi Katharine alifariki. Yeye akaishi miaka mingine 13, akaandika kitabu cha kumbukumbu zake za Uganda kilichotoka mwaka 1945, na mwezi wa Aprili 1951 akafariki huko huko Kampala, mwenye umri wa miaka 81. Amezikwa Namirembe, kilima kile kile alichokipanda akiwa kijana mwenye vumbi la safari miguuni.

Sasa tulirudie lile jambo la maandishi, kama tulivyoahidi.

Zile habari za wagonjwa wa Mengo hazikutupwa, na maktaba ya shule ya udaktari ya Makerere ikapewa jina la Albert Cook. Mwaka 1958 daktari mmoja wa Mulago, Denis Burkitt, alieleza uvimbe mbaya unaowashika watoto katika taya, ambao hukua upesi na kuua. Watu wakauliza: Je, ugonjwa huu ni mpya, au ulikuwako tangu zamani? Wataalamu wakaenda wakayafungua maandiko ya Mengo ya tangu mwaka 1897, na mwaka 1964 wakatangaza waliyoyaona. Humo walikuta watoto wenye uvimbe wa namna ile ile, walioletwa kwa Daktari Cook miaka mingi kabla, asiweze kuwaponya. Hivyo ikajulikana kwamba ugonjwa ule ni wa kale katika nchi, na utafiti ukapata mahali pa kukanyaga. Siku hizi watoto wengi wenye uvimbe huo wanaotibiwa mapema hupona kabisa.

Angalieni basi. Mtoto fulani, ambaye mama yake alimbeba mpaka Mengo, alikufa; na mama alirudi nyumbani mikono mitupu. Wakati huo hakuna aliyeweza kumwambia kwamba safari yake ilikuwa na faida. Lakini kwa kuwa mtu mmoja aliandika kwa uaminifu alichokiona, mtoto yule akawa shahidi, na ushahidi wake umewafaa watoto wa wengine. Wazee wetu husema juu ya mali isiyo na daftari kwamba huisha bila habari. Ndivyo ilivyo na uhai wa watu.

Tunawaandikia ninyi makatekista hasa. Ninyi mnashika vitabu vya usharika. Ninyi ndio mnaojua nani amezaliwa na nani amezikwa, kabla habari haijafika kwa mganga mkuu wa wilaya. Mkiona katika kitabu chenu kwamba katika juma moja mmezika watoto watatu wa mtaa mmoja, msiseme tu kwamba ni mapenzi ya Mungu, mkafunga kitabu. Andikeni walivyougua, na siku ile ile mtume mtu kwenye zahanati. Surua, kipindupindu na homa nyinginezo hutembea upesi kuliko barua, na siku moja iliyookolewa ni watoto waliookolewa. Tena msiwaulize waliougua habari za dhambi zao. Waulizeni habari za maji yao na chakula chao.

Nanyi wazazi, mkiwa na binti aliyemaliza shule naye anapenda kazi ya uuguzi au ukunga, msimzuie kwa sababu ya mahari au kwa sababu ya maneno ya majirani. Hospitali yetu ya Iambi, na zahanati zote zilizo mbali na barabara kuu, zasimama kwa mikono ya mabinti kama hao.

Na lile swali tuliloanza nalo, la mtu afanye nini ikiwa dawa haipo, Daktari Cook hakuacha jibu la maneno ambalo tungeweza kuwaandikieni hapa. Aliacha kilima chenye hospitali, kabati zilizojaa maandishi, na wanawake waliokwenda usiku wenye taa mkononi kumzalisha jirani. Sisi twaona hilo latosha kuwa jibu.